Maji Niliyokutemea Mchana

Numbi mwanangu, mama yangu,

Yale maji niliyokutemea kifuani leo mchana hayana kazi. Usiyategemee. Kesho ukiwa juu ya pikipiki kwenye barabara ile mbovu usijipe moyo kwamba mama yako amekubariki, maana sijakubariki. Nilikulowesha blauzi tu.

Na wewe uliona. Ulikaa mkekani, umenyoosha miguu inavyotakiwa, mikono juu ya mapaja, unangoja nikugombeze. Mimi juu ya kiti nikafungua mdomo na hakikutoka kitu. Mama mdogo wako Euphrasie amesimama pembeni na kikombe cha maji. Majirani wamejipanga ukutani, kwa sababu wanajua kwamba katika nyumba hii msafiri akigombezwa ni jambo la kutazama. Mama Kalonda alikuja hata na karanga zake. Na mimi, fundi wa kugombeza anayejulikana mtaa mzima, nikakaa pale kama bubu. Mwishowe nikasema: "Weye, ndoo ya maji haufunikaka." Watu wakacheka. Euphrasie akanipa kikombe, nikatia maji mdomoni, nikakutemea. Ukasema, "Nimesikia, mama," ukainuka, ukaenda kufunga mabegi.

Ndoo! Mtoto anaondoka nyumbani na mimi namgombeza kwa sababu ya ndoo.

Tangu saa ile nimekasirika. Nimeosha masufuria yaliyokuwa safi. Euphrasie aliniuliza nina nini, nikamwambia aende kwake, na ameenda amenuna. Wewe uko mtaa wa stesheni unaaga rafiki zako, na mimi nimekaa jikoni na kalamu yako, natafuta yale yaliyogoma kutoka mchana. Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kujihadhari na wanaume wenye viatu vinavyong'aa, Euphrasie amekwisha kukuambia. Utayafuata au hutayafuata. Mimi jioni hii nina kazi moja: kutoa yaliyobaki tumboni ili kesho usiondoke na baraka ya uongo.

Desturi unaijua, lakini wewe umeikuta imekwisha kuwa mchezo. Acha nikuambie ilivyokuwa kabla sijaiharibu. Kwa wazee wetu, mtu haondoki na hasira ya anayebaki. Anayebaki anakaa juu, anayeondoka anakaa chini, na anayebaki anatoa yote: hapa ulinikosea, pale uliniumiza, hili silipendi. Anayeondoka hajibu. Anasema tu, "Nimesikia." Yakiisha yote, ndipo maji. Nkambo wako, mama yangu mzazi, ambaye jina lake umelibeba, alikuwa akisema hivi: "Maneno ikibakia mu tumbo, ile maji unatema iko mate tu. Na baraka ya kudanganya iko mubaya kupita laana. Laana, unajua kama iko."

Aliipenda mno desturi hiyo. Sishangai, maana hakuna mtu aliyeitumia kuliko yeye.

Alizaliwa Bukama, kando ya Lualaba, akaolewa hapa Kamina na baba yangu. Baba alikuwa fundi wa reli, mtu mpole, mpenda redio na kitanda chake. Alitengeneza reli maisha yake yote na hakupenda kupanda treni. Mama hakuajiriwa na reli hata siku moja, lakini kila dereva na kila mkata tiketi alimwita kwa jina. Alinunua samaki wa moshi Bukama na kuwauza kwa wake za wanajeshi huko Base, kwenye kambi ya jeshi. Watu wote husema hivyo, kwamba Numbi alikuwa mchuuzi wa samaki. Samaki walikuwa kisingizio. Mchuuzi akikuta samaki wamekwisha kukauka na wamepangwa kwenye vikapu, ananunua na kurudi. Mama alikuwa anawakuta samaki wamepangwa, anawatazama, halafu anamgeukia mwenye mtumbwi na kumuuliza: "Na kule mbele, kuko nini?"

Kule mbele kulikuwa na matete, na maziwa, na wavuvi wanaoishi juu ya vile visiwa vya majani vinavyoelea. Alikwenda. Alilala kwenye kisiwa kimojawapo, na upepo ukavuma usiku, asubuhi akaamka kisiwa kimehamia upande mwingine wa ziwa na yeye juu yake, na mtumbwi aliokuja nao umebaki walikotoka. Hadithi hiyo unaijua kuliko Baba Yetu. Ulikuwa unamwomba akusimulie kila jioni, na alikuwa anaigiza mpaka sauti ya yule mvuvi: "Mama, usitembee-tembee, utatuzamisha!" Ukacheka mpaka ukashikwa na kwikwi. Hakuna aliyewahi kukuambia kwamba wiki ile mimi nilikuwa na surua, na baba ndiye aliyekuwa ananipaka mafuta, mikono yake migumu ya chuma, anaimba wimbo wa kanisani kwa sababu hakujua mwingine.

Usidhani hakunipenda. Hapo ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu alinipenda. Alirudi ananuka moshi, anatuamsha wote, anamwaga kikapu sakafuni na kutupangia mto kwa samaki. Huyu mkubwa ni Bukama. Hawa wadogo ni Katoto. Huyu asiye na kichwa ni pale tulipopotea njia. Anachora maji kwa kidole, na sisi watoto tunaukanyaga mto wote mpaka jikoni. Baba anasimama mlangoni anatabasamu. Nyumba ilijaa siku ile. Wageni nao walikuja: mke wa mwanajeshi mmoja, mtu wa Mbandaka, alikaa kwetu msimu mzima wa mvua na mbuzi wake, akamfundisha mama Lingala, na mama akamfundisha kupika matembele ya kwetu. Mimi na Euphrasie tulilala na yule mbuzi. Halafu siku moja unamwona mama anakagua kamba za kikapu, na unajua.

Anamwambia baba: "Baba ya batoto, kuya unigombeshe."

Baba anakaa kitini. Anakohoa. "Numbi, unatembea sana."

"Nimesikia."

"Njo ile tu. Imeisha."

"Bado. Uko na ingine, naiona mu macho."

Baba anatazama chini, anatazama mlango. "Chumvi ilikwishaka siku ya ine na hakuna mutu alijua."

"Nimesikia."

Anamtemea maji, mama anaondoka, na baba anabaki. Anakula, anaenda kazini, anarudi, anafungua redio, hazungumzi. Nilikuwa mtoto, nikadhani ni chumvi. Nilikimbia kwa jirani kuomba chumvi, nikamletea kwenye kisahani, na alinishukuru.

Baba alipokufa kiti kikanihamia mimi, kifungua mimba. Nilikuwa nimeolewa na baba yako, tunakaa hapa hapa, nyumba ya pili kutoka kwa mama. Mara ya kwanza aliponiita nilijiuliza. Nitamgombezaje mama yangu? Lakini mdomo wangu unaujua. Nikaanza: "Weye Numbi, mwanamuke gani anajua majina ya bashefu ba stesheni yote na anasahau jina ya kitinda-mimba yake? Uko na miguu ao uko na magurudumu? Siku utakufa, tutakuzika ao tutakufungia mu wago ya treni?" Majirani wakaanguka kwa kicheko. Mama mwenyewe alipiga makofi, "Ongeza! Ongeza!" Tangu siku ile ikawa ada. Mama akisafiri watu wanakuja na viti vyao. Nilikuwa natayarisha maneno tangu jana yake nikifua nguo. Nilijivuna, Numbi. Sikusoma kama wewe, sikwenda popote, lakini kwa kugombeza hakuna aliyenishinda Kamina nzima.

Na kila mara, kicheko kikiisha, mama ananiangalia.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Anaendelea kuniangalia kidogo. Halafu anafungua kitambaa kifuani anangoja maji. Alijua. Mtu aliyeweza kumwambia baba "bado, uko na ingine" asingeweza kutojua. Mimi nilikuwa fundi wa kugombeza na sikumgombeza hata siku moja. Nilichekesha. Kuchekesha ni mlango mzuri sana wa kujificha, na nakuambia hivyo kwa sababu wewe pia una mdomo huo, umeurithi kwangu na si kwake, na nimekuona ukiutumia kwa yule kijana wa Kabondo-Dianda aliyetaka kukuambia jambo la maana. Alikuja na jambo, akaondoka na kicheko. Sijui kama ulimtaka. Na yeye hajui.

Sasa ile hadithi ya harusi yangu. Familia nzima huipenda. Huko Base wanaisimulia hata watu ambao hawakuzaliwa wakati ule. Ndugu za baba yako wamekuja, mbuzi wamefungwa, bia ziko ndani ya maji, wazee wamekaa pande mbili, na mama wa bibi-arusi hayupo, yuko Bukama, treni imeharibika. Shangazi wa baba yako anauliza kila mara, "Mama ya bibi-arusi iko wapi?" Ndipo mama anatokea kwenye reli juu ya drezini, kile kigari kidogo cha wafanyakazi wa njia, amesimama wima katikati ya wanaume wenye makoti ya kazi, kikapu kichwani, anapunga mkono kama askofu. Amewashawishi wamlete. Wazee walisimama wakapiga makofi. Wakwe walisahau hasira, na drezini ikanywa bia pamoja nasi.

Nzuri, sivyo? Kila anayeisimulia yuko kwenye drezini na mama. Hakuna aliyewahi kuisimulia akiwa ndani ya chumba pamoja nami. Nilikuwa nimevaa tangu asubuhi, kitambaa kinanibana, nasikia kupitia dirishani watu wananong'ona kwamba labda mama yake hataki ndoa hii. Nikaanza kuamini. Nikafikiri, hataki, ameona kasoro kwa mwanaume huyu na amekimbia ili asiseme. Nililia mpaka Euphrasie akanipaka poda upya, na vilipoingia vigelegele mimi sikuelewa ni vya nini. Mama akaingia chumbani, ananuka samaki, akanikumbatia, akasema, "Mwanangu, ungeona bonde kutoka juu ya ile drezini!" Nikasema, "Karibu, mama." Karibu! Nilikuwa na maneno ya kujaza mto, na nikasema karibu.

Nitakuambia na la jina lako, kwa sababu umekuwa ukijivunia na una haki, lakini ulijue lote. Siku uliyozaliwa mama alikuwa Kalemie. Hakwenda kununua chochote. Alikuwa amesikia kwamba kuna maji yasiyoonyesha ng'ambo, na akataka kuyaona. Uchungu ulinishika mapema, mkunga akaja, baba yako akatembea mpaka akachimba njia uani. Ulipotoka wakaniuliza jina, nikasema, "Huyu ni Numbi." Wanawake wakafurahi, wakasema binti anamheshimu mama yake. Haikuwa heshima. Ilikuwa hasira. Nilitaka niwe na Numbi mmoja anayekaa nyumbani.

Mama aliporudi na kukukuta, alilala kifudifudi kando yako kitandani akakunusa kichwa, akalia. Akasema kwamba ziwa lile ni kubwa kweli, lakini laiti angejua. Nikamwambia si kitu. Tangu siku ile mimi sikuweza kukupiga, na kaka zako walilalamika kwamba wao wanapigwa na wewe unaitwa mama. Ungempigaje mama yako? Nikikuvalisha nguo za shule namvalisha yeye. Nikikutuma dukani nasimama mlangoni mpaka urudi. Miaka yote hiyo nilijiambia: huyu ninaye.

Kumbe mtoto wa nyoka ni nyoka. Wenzako wanaenda Kolwezi na Lubumbashi, mahali ambapo mzazi anaweza kutaja na watu wakaelewa. Wewe umesoma historia hapa hapa mjini, nikafikiri utafundisha shule ya mapadri, utarudi kula mchana. Halafu unakuja na uso unaong'aa kunieleza kwamba watu wa chuo kikuu wanafungua makaburi ya kale Katoto, juu ya Lualaba, na wamekuchukua. Wanadamu wa leo wanachimba shaba, wewe unaenda kuchimba marehemu! Nilipokuuliza kuna nini ndani ya makaburi hayo, unakumbuka ulivyonijibu? "Mama, hatuyue bado. Njo mana tunaenda." Nikaacha mwiko ndani ya bukari niliyokuwa nasonga nikatoka nje. Ulidhani nimekwenda kuita kuku. Nilikuwa nimesikia "na kule mbele, kuko nini" kwa sauti yake, ndani ya jiko langu, na yeye ana mwaka na zaidi ardhini.

Sasa safari yake ya mwisho. Ulikuwa kwenye mitihani, tulikuambia nusu tu.

Miguu ilikuwa imevimba, alitembea kwa kushika kuta. Asubuhi moja ananiambia anataka kwenda Bukama, "kuangalia mayi kidogo." Nikasema hapana. Akasema, "Basi kuya unigombeshe." Nikamwambia, "Sikugombeshe, sababu hauendi." Nilijiona nina akili sana. Bila kugombezwa hasafiri, ni sheria yake mwenyewe, basi nitamfunga kwa sheria yake. Aliniomba tena Jumamosi. Nikakataa. Akasema, "Bona unanifungia mulango na uko na maneno mingi hivi?" Nikasema sina maneno. Jumapili nikaenda misa. Niliporudi niliukuta mkeka umetandikwa katikati ya nyumba, umenyooshwa pembe zote, na kiti mbele yake. Yeye hayupo. Alikuwa amekaa pale akaningoja, treni ikapiga honi, akaondoka. Wanaume wa reli walimpandisha kwa mikono.

Alifia Bukama, kwa rafiki yake mkausha samaki, usingizini, baada ya kula vizuri na kuwachekesha watu. Hakuna mtu aliyeteseka, ila mimi. Walimleta kwa treni. Kilioni uwanja ulijaa, wanajeshi na wake zao, mapadri, wavuvi waliosafiri na mitumbwi na kisha malori. Walisimulia kisiwa kinachohama, mbuzi wa Mbandaka, ziwa la Kalemie. Kila mmoja alikuwa na Numbi wake, na wote walikuwa na furaha ndani ya machozi yao. Mimi nilikuwa jikoni na masufuria. Halafu wakaniita, kifungua mimba aseme neno. Nikasimama mbele ya mwili wa mama yangu nikasimulia drezini. Wakacheka. Hata pale, Numbi! Nikarudi jikoni nikauma kanga yangu kwa hasira.

Ndiyo maana leo mchana nilikuwa bubu. Umekaa kwenye mkeka na paji lake la uso, na jina lake, na ile namna yake ya kutazama mlango wakati unajifanya unanisikiliza. Maneno yalikuja yote, na yote yalikuwa yake. Nikayazuia, kwa sababu si haki mtoto alipe ya nkambo wake. Nikazuia mpaka na yako yakazuiwa, ikabaki ndoo.

Basi wewe kaa kidogo pembeni, nizungumze naye. Jina ni lake, atasikia.

Weye Numbi, mama yangu. Ulikuwa unapendwa na dunia nzima na hukujua ninaogopa giza. Ulijua kila kituo mpaka Kalemie na hukujua kwamba baba alikuwa analala upande wako wa kitanda ukiwa hupo. Alikufa akikungoja, hata ulipokuwa ndani. Ulinifundisha kusema yote, na ulipoona sisemi uliniangalia tu, ukafungua kifua, ukachukua baraka ambayo ulijua ni mate. Ulichukua! Ulikuwa mtu mzima, mimi nilikuwa mtoto wako, ungesema "bado" kama ulivyomwambia baba. Hukusema kwa sababu treni inaondoka. Uliyaona mambo ya mbali yote, na la karibu ukaogopa kuliuliza. Na nakutamani kila siku. Hilo nalo nakugombeza, maana uliifanya nyumba iwe nzuri sana ukiwemo.

Limetoka. Nimelia, nimepenga kamasi kwenye kitambaa cha vyombo, usikitumie.

Sasa wewe. Nimejaribu kupanga yako. Kwamba uliandika barua ya kuomba kazi hiyo bila kuniambia. Kwamba unacheka Euphrasie akiomba kwa sauti. Kwamba chaji ya simu unaniachia moja iliyokatika. Nimeyaandika na kuyafuta, kwa sababu hata wewe unaona, hizi zote ni chumvi ya baba. Hasira ya Katoto nayo si hasira. Nimeona ulivyopanga brashi zako na vijiko vile vidogo vya kuchimbia, umevifunga kwenye kitambaa safi, na ndani yangu kitu kilisimama kikafurahi. Nenda ukaone kuna nini. Mimi ningetaka kujua pia.

Lakini kuna moja, na kalamu imeizunguka jioni nzima.

Kaka zako walipoondoka, baba yako alikuwa hai. Halafu yeye akaenda, na mama akaenda, na Euphrasie ana watoto wake. Umenieleza kuhusu makaburi, kuhusu pikipiki, kuhusu wenzako wa huko na namna mtakavyopika kwa zamu. Umeniuliza kama nguo zitakauka. Unaondoka, Numbi, na hukuniuliza nitabaki na nani.

Usinijibu. Anayeondoka hajibu. Na usithubutu kufungua mabegi. Ukibaki kwa sababu ya barua hii nitakufukuza kwa ufagio mpaka Bukama. Sitaki ubaki. Nilitaka uniulize, basi. Nimengoja swali hilo tangu nilipokuwa na surua, na kama nisingelisema leo ungekwenda nalo mgongoni bila kujua ni nini kinakuelemea.

Sasa limekwisha. Nimetazama ndani, hakuna lingine.

Ukimaliza kusoma njoo jikoni, nakungoja. Usilete uso wa kunionea huruma. Kaa chini, sema "Nimesikia," nikutemee maji. Sijamwita mtu, tutakuwa mimi na wewe tu.

Mama yako